Jina la Ukurasa wa Mbele

Hapo zamani, wala si zamani ya wafalme na majini, ni zamani ya juzi tu, huko Lushoto alikuwapo mzee mmoja aitwaye Hoza. Alikuwa na binti mmoja tu, Sikudhani, na binti huyo alimfukuza. Alimtafutia mume, binti akasema anataka shule. Mzee akalitupa godoro lake nje, mvua inanyesha, akafunga mlango. Sikudhani akaenda zake Morogoro, asirudi tena.

Miaka ikapita. Mzee akapofuka, kisha akaugua. Ndipo ikaja habari kwamba Sikudhani ameandika riwaya, na kila aliyeisoma ana lake la kusema. Huyu alilia, yule hakulala, mwingine akasema waandishi wa siku hizi hawana adabu. Mzee Hoza hakuwa na haja na maoni ya watu. Alitaka kujua jambo moja: je, mwanawe amemsamehe? Kumuuliza mwenyewe hakuweza. Tangu lini mzazi akaomba radhi kwa mtoto? Kwetu mtoto ndiye anayepiga magoti. Basi akasema, "Nisomeeni kitabu chake. Kama msamaha upo, utakuwa humo."

Akaja jirani yake, Bi Chausiku. Akasoma vizuri mpaka akafika kwenye godoro na mvua. Pale akatangulia kusoma kwa macho tu. Binti wa kitabuni alikuwa amesimama nje ya mlango, anasema, "Kuanzia leo sina baba." Bi Chausiku akamtazama mzee, mifupa mitupu, chakula hakigusi. Akatunga lake: "Binti akasema, baba, nimekusamehe."

Mzee akalia kwa furaha. Akaomba uji, akaunywa wote, na kuanzia hapo akawa anaweza kukaa.

Akaja mpwa wake, Mhina. Huyu alikuwa amekisoma kitabu na kukirudia, na kilimchoma vibaya, maana siku ya godoro alikuwapo na hakusema neno. Alipomsikia mzee akijisifu kwamba kasamehewa, hakuvumilia.

"Mjomba, umedanganywa. Sikiliza."

Akasoma neno kwa neno, hakuruka kitu. Kuanzia leo sina baba. Mzee akageukia ukutani. Siku ya pili yake akasema, "Ni kweli. Ndivyo nilivyomfanya. Sasa nitamwomba radhi, na anayetaka kunicheka anicheke."

Lakini amwombe vipi, na binti yuko mbali? Habari zikamfikia Mwantumu, aliyecheza na Sikudhani tangu utotoni. Huyu kitabu hakukimaliza. Alipofika kwenye mvua alikitupa uvunguni, akasema, "Siwezi kusoma kilio cha rafiki yangu kama hadithi." Akapanda basi mpaka Morogoro.

"Wanasema umeandika vizuri," akamwambia Sikudhani. "Baba yako anakufa, na kitabu hakiwezi kumjibu. Twende."

Sikudhani akaja. Mzee akamshika mkono, akasema mbele ya watu, "Mwanangu, nilikukosea. Niwie radhi." Watu wakainamisha vichwa, wengine kwa huzuni, wengine kwa aibu ya kuona mzee akimwangukia mtoto.

"Baba, niliandika kwa hasira, na hasira yangu ikaishia mle," Sikudhani akajibu. "Nimekusamehe."

Mzee akashusha pumzi. "Ukiandika kingine, kitabaruku kwa aliyenisomea kitabu chako kweli kweli. Ukurasa wa mbele, jina moja tu." Kabla hajaulizwa ni yupi, akakata roho.

Baada ya arobaini, maneno yakaanza.

"Ni mimi," akasema Bi Chausiku. "Asingekunywa ule uji, Sikudhani angekuta kaburi."

"Uji wa uongo!" akasema Mhina. "Bila mimi angekufa anajiona msafi. Mimi ndiye niliyemsomea kilichoandikwa."

"Na wewe ndiye uliyemgeuza ukutani. Tangu siku ile alikula tena?"

Hapo Mwantumu akasema, "Nyinyi mlisoma karatasi. Mimi nilimleta aliyeiandika."

"Wewe hukumsomea mzee hata mstari," akasema Mhina, "na kitabu chenyewe hukukimaliza!"

"Na wewe ulikimaliza, ukakirudia," akajibu Mwantumu. "Mbona ulibaki umekaa?"

Sikudhani aliwasikiliza wote akilia. Kitabu cha pili amekwisha kukiandika, wachapaji wanamsubiri, na ukurasa wa mbele bado mtupu. Akiandika jina moja, wawili atawapoteza. Asipoandika, ameuvunja wosia wa baba aliyempata jana na kumzika leo.

Haya, nyinyi mnaonisikiliza, msiniachie mimi mzigo huu. Mmoja alidanganya kwa huruma. Mmoja alisema kweli, na kweli ikamlaza mtu. Mmoja alikitupa kitabu, akaenda kumleta mwenyewe. Je, kati yao ni nani aliyesoma? Jina la nani liandikwe?