Lugano Hayumo

Profesa mmoja alikuwa na maabara na wanafunzi wachache wa uzamivu. Jina lake Kokusima, mama mkali, anayependa kazi kuliko chakula. Katika maabara ile walichunguza seli za watoto wenye hali ya Down. Msitishike na neno seli. Ni vile vijumba vidogo ambavyo mwili umejengwa navyo, na ndani ya kila kimoja mna nyuzi za urithi ziitwazo kromosomu. Wengi wetu tumezaliwa na arobaini na sita. Watoto hawa wana moja ya ziada, na hiyo moja inagusa kila kitu mwilini mwao, hata moyo.

Mwanafunzi mmojawapo aliitwa Wegesa. Alikabidhiwa seli za Lugano, mtoto ambaye moyo wake ulichoka akipanda kilima kidogo tu cha nyumbani kwao. Mama yake alikubali mwanawe akatwe kipande cha ngozi mkononi, kwa sharti moja: wakijua kwa nini moyo ule ni dhaifu, waje wamwambie. Ngozi na moyo vina urithi uleule. Basi kipande kikawekwa kwenye kisahani, seli zikalishwa, zikaanza kuongezeka.

Sasa sikilizeni vizuri, maana kosa liko hapa. Kila Jumatatu Kokusima aliwakusanya wanafunzi, na swali lake lilikuwa lilelile: nani amejaza kisahani? Aliyejaza alisifiwa mbele ya wenzake. Ambaye hajajaza alitazamwa tu, na kutazamwa na Kokusima, jamani, afadhali utukanwe! Seli za Lugano zilikuwa nzito kukua. Kwa hiyo kila Wegesa alipozihamishia kwenye kisahani kipya, kama mtu ahamishaye miche, alichukua zilizonawiri na kumwaga zilizozubaa. Hakuwa mwongo wala mvivu. Aliogopa kutazamwa. Baada ya miezi visahani vyake vilijaa upesi kuliko vya wote, na tarehe ya kutetea tasnifu yake ikapangwa.

Ilikuwa desturi ya maabara ile kwamba kabla ya siku hiyo mwanafunzi afungue seli chache, ahesabu kromosomu upya. Wegesa akahesabu. Akarudia. Arobaini na sita. Kila seli, arobaini na sita. Seli ikigawanyika huweza kuuangusha ule uzi wa ziada; si nyingi zifanyazo hivyo, lakini zinazouangusha hukua haraka. Wegesa alikuwa akichagua hizohizo wiki hadi wiki, na zile za kweli akizimwaga kwa mkono wake mwenyewe mpaka zikaisha. Kokusima akainama kwenye darubini, akazihesabu mwenyewe.

"Seli nzuri, mwanangu," akasema. "Ila Lugano hayumo."

Rafiki yake Wegesa akamwambia maji yakimwagika hayazoleki, aandike tu, picha za mwanzo zenye kromosomu arobaini na saba anazo, nani atajua? Rafiki wa namna hiyo kila mtu anaye. Wegesa alilia kutwa nzima, kisha akanawa uso. Akaahirisha utetezi. Ngozi ya kwanza ilikwisha kutumika yote, hivyo hapakuwa na njia nyingine: akapanda basi kwenda kwa Mama Lugano, na Kokusima akafuatana naye, maana alijua lile swali la Jumatatu lilikuwa la nani. Wakaeleza yote bila kuficha.

Mama Lugano aliwasikiliza huku akimenya ndizi za mchana. Hakuinua uso.

"Shuleni walimtoa, wakasema anachelewesha wenzake," akasema. "Na ninyi mmemtoa hata kwenye kisahani?"

Wegesa akapiga magoti palepale kwenye maganda, akaomba radhi, akasema hataiacha kazi hii mpaka Lugano arudi mle alimotolewa. Mama akamaliza ndizi zake. Akamwita mtoto, akamwachia aamue mwenyewe. Lugano akamtazama yule mgeni aliyepiga magoti, akakunja mkono wa shati, akaunyoosha mkono wake. Akaomba tu wamkate taratibu.

Mwaka ule wenzake Wegesa walivaa majoho na kupigiwa vigelegele. Yeye alivaa koti lake la maabara akalisha seli zisizo na haraka. Iliuma, msinidanganye kwamba haikuuma. Lakini alihamisha zote, nzito kwa nyepesi, na kila alipohamisha alihesabu upya. Kokusima naye akabadili swali lake la Jumatatu. Akawa anauliza nani bado yumo, na mwanzoni wanafunzi walidhani mama wa watu amechanganyikiwa. Jibu la moyo wa Lugano bado halijapatikana. Wegesa yupo, anatafuta, na hang'oki.

Nanyi walimu, wazazi, wazee wa kanisa, mnaosimama kila mwaka kutuhesabia waliofaulu: ni lini mlihesabu upya, mkaona nani hayumo?