Baruti Nusu ya Fundi Kisamo

"Kamati Maalumu ya Kuchunguza Mwenendo wa Kipimio cha Baruti na Masuala Yanayoambatana Nao." Ndilo jina lililobandikwa mlangoni mwa chumba cha Fundi Kisamo, chumba ambacho wakiingia watu watatu, wa nne husimama kwenye ngazi.

Kisamo alikuwa akiijazia risasi klabu ya walenga shabaha katika mji mmoja wa milimani. Mashine yake ilikuwa ya mpini. Akiuvuta mpaka chini kabisa, kipimio hufunguka chote na kumimina baruti ndani ya ganda la risasi. Akiurudisha juu, sahani inayoshika maganda huzunguka na kuleta ganda jingine. Vuta, rudisha. Aliipenda kazi hiyo kama wengine wanavyopenda bao.

Taabu ilianzia uwanjani. Mzee Lyatuu, rafiki yake wa tangu ujana, alilenga, akafyatua, na bunduki ikatoa sauti ya mtu mwenye mafua. Risasi ilikuwa imekwama ndani ya mtutu, baruti haikutosha kuisukuma. Angefyatua ya pili, mtutu ungempasukia usoni.

Siku hiyo Kisamo hakula. Alikifungua kipimio, akakifuta, akabadilisha springi, akafungua kopo jipya la baruti. Akijaza peke yake na kupima kwenye mizani, kila ganda lilikuwa sawasawa.

Ndipo Kamati ya klabu ilipokuja kumtazama akifanya kazi. Wajumbe waliingia mmoja mmoja, kila mmoja akimjulia hali, naye akiwaitikia kwa adabu zote. Maganda yalipopimwa, kadhaa yalikuwa na baruti nusu.

Mwenyekiti, Mama Anjelista, akavua miwani. "Fundi, tunakuheshimu sana. Lakini ama kipimio kimechoka, ama..."

"Ama mimi."

"Sikusema hivyo."

"Umevua miwani, mama. Ndiko kusema kwenyewe."

Wakampa mpaka Ijumaa. Akishindwa kueleza sababu, ufunguo wa chumba aukabidhi.

Kesho yake asubuhi alikuwa kwenye mashine, roho imemwinama, Lyatuu akachungulia dirishani kama alivyozoea.

"Kisamo! Bado hujafa?"

"Nife nikuachie nani? Umeamkaje?"

"Salama. Mama watoto?"

"Mzima. Na wako?"

"Anakusalimu. Amenikataza risasi zako."

Kisamo akaangua kicheko, kisha kicheko kikakatika. Mkono wake ulikuwa hewani, kiganja kimemwelekea rafiki yake. Mpini ulikuwa umeishia nusu ya safari na kurudi juu wenyewe, na sahani ilikuwa imeshasogea.

"Lyatuu, hebu nisalimie tena."

"Umechanganyikiwa?"

"Nisalimie, bwana!"

Akavuta mpini. Lyatuu akamsalimu. Kabla Kisamo hajajua, mkono wake ulikuwa umeshauacha mpini na kwenda kuitikia. Wakayapima maganda yote mawili. Baruti nusu.

Lyatuu akaiinamia mizani. "Kumbe nilikuwa najiua mwenyewe kwa kukuulizia mkeo."

"Na mimi nikikusaidia kwa kukujibu."

Walicheka mpaka Kisamo akafuta macho.

Risasi zote za kabatini zikafumuliwa na kujazwa upya, mlango umefungwa. Mama Anjelista alipoelezwa, alivaa miwani yake vizuri.

"Fundi, siwezi kuandika kwamba chanzo ni salamu."

"Basi andika mnavyoandikaga."

Taarifa ya Kamati ikasema kuwa mwendo wa mpini "ulikatizwa kutokana na sababu za kijamii," ikapendekeza mpini ukaguliwe kila robo mwaka. Ufunguo ukabaki mfukoni mwa Kisamo. Siku hizi Lyatuu husimama nje ya dirisha, amefumba mdomo kama aliye msibani, mpaka asikie mashine imenyamaza. Hapo ndipo humuuliza kama bado hajafa.

Kilichotokea ni hiki tu: mtu aliuachia mpini katikati ili asimkalie kimya rafiki yake.

Funzo: Hata upendo una wakati wake. Mwenzako akiwa ameshika kazi iliyobeba uhai wa mtu, mwache amalize. Salamu yako haitaoza.