Nakiete na Mzigo Asioutua

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya kale, maana televisheni ilikwisha kufika Kivereni ingawa maji ya bomba yalikuwa bado njiani, paliishi binti aitwaye Nakiete. Kivereni ni kijiji cha juu kabisa katika milima ya Upare. Huko kila shamba limelala kiubavu, na kila mtu ana kesi moja mahakamani, moja kwa mwenyekiti wa kijiji, na moja ya akiba.

Watu wa Kivereni walikuwa na ndiva, bwawa la mawe la kukusanyia maji ya kijito ili yateremke mferejini kwa zamu mpaka mashambani. Ndiva hiyo ilikuwa imebomoka ukuta. Walikuwa pia na msaragambo, kazi ya wote: pembe inalia, watu wanatoka, wanapandisha mawe kutoka korongoni. Na msaragambo ulikuwa na sheria yake. Ukifika juu na jiwe lako, hutui. Unasimama nalo begani mpaka wa mwisho afike, kisha wote mnatua pamoja. Kutua mapema ni kumwambia jirani kwamba wewe na yeye si wamoja.

Wa mwisho alikuwa daima Bibi Namsifu, mjane mwenye goti bovu na ulimi mzima. Pembe inalia, mawe yanapanda, watu wanafika, wanasimama. Bibi Namsifu anakuja pole pole, na kila siku anasema yale yale: "Mmesimama kama nguzo za simu. Mmoja wenu angetua akaja kunipokea, si saa hizi tungekuwa tunakunywa uji?" Watu wanacheka. Miaka thelathini walicheka. Na kwa kusimama huko mabega yalichoka, jiwe la pili likawa zito kuliko la kwanza, la tatu halikubebwa kabisa, na pengo la ukuta likabaki pale pale.

Basi ikatangazwa kwenye televisheni kwamba kuna shindano la ukakamavu liitwalo Kifua Mbele, na mshindi angepelekewa kijijini kwake mifuko mia mbili ya sementi. Kijiji kizima kikageuka kumtazama Nakiete. Huyu ndiye aliyekuwa akiteremka sokoni na mkungu wa ndizi kila bega, na njiani akipumzika kwa kusimama tu. Nakiete akasema mbele ya mkutano kwamba ataileta sementi. Alisema kwa sauti, na hilo ndilo lililomgharimu baadaye.

Wa kumfundisha akajitokeza mwenyewe. Alikuwa Mwalimu Elieza, mstaafu wa somo la michezo, ambaye filimbi haikutoka shingoni mwake hata kanisani. Mwalimu akaagiza kitabu cha kanuni, kurasa arobaini, akamsomea Nakiete barazani kila alasiri: kanuni ya viatu, kanuni ya maji ya kunywa, kanuni ya kumlalamikia mwamuzi kwa maandishi. Hii ya mwisho waliirudia mara tatu, kwa kuwa ilipendeza. Ukurasa wa thelathini na moja tu ndio alioufunua akaupita. Ulisema kwamba saa ya mshindani husimama pale mzigo wake unapogusa ardhi. Mwalimu aliona kumweleza mtu mzima kwamba safari ikiisha mzigo hutuliwa ni kumtukana.

Siku ya fainali watu wakajazana kwenye ghala la kahawa, penye televisheni. Walibaki washindani sita, kila mmoja na kiroba cha mchanga begani, na mbele yao kilima cha mbao. Nakiete akakipanda kama anakwenda kuazima chumvi kwa jirani. Akafika wa kwanza. Akaingia ndani ya duara jeupe. Akageuka, akasimama na kiroba chake begani, akawangoja wenzake.

Mtangazaji akapiga kelele kwamba atue. Nakiete akadhani anashangiliwa. Na ghalani je, kuna aliyeona kosa? Hakuna. Watu walipiga makofi, wakasema mtoto huyu amelelewa, na mama yake akafuta machozi.

Akafika Stumai, binti wa Morogoro, akatua. Puu! Kisha Stumai akafanya jambo. Akateremka tena kilimani, mikono mitupu, mpaka kwa mshindani wa mwisho aliyekuwa akipepesuka, akaingiza bega chini ya kiroba chake, wakapanda naye. Wote walipokwisha kufika, na wote walipokwisha kutua, ndipo Nakiete naye akatua, huku akitabasamu. Saa ikamwandika wa sita kati ya sita.

Kijiji kikakata rufaa. Iliandikwa kurasa saba, ikagongwa mihuri mitatu, mmoja wa chama cha ushirika kilichokwisha kufa. Jibu lilikuja baada ya miezi miwili: barua yenu imepokelewa.

Nakiete alirudi kwa njia ya migombani asikutane na mtu. Hakuna aliyemlaumu, na hilo lilimuuma zaidi. Walimwambia ameshindwa kwa heshima. Mwalimu Elieza alikwenda kwao akaeleza habari ya ukurasa wa thelathini na moja, akavua filimbi akaiacha mezani. Nakiete akamfuata na filimbi yake mpaka njiani, akamvisha.

"Mwalimu, si ukurasa unaoninyima usingizi," akasema. "Yule dada alikuwa akianguka, na mimi nimesimama namwangalia. Mimi nilimheshimu. Stumai alimsaidia."

Pembe ya msaragambo ikalia tena. Mawe yakapanda, watu wakafika, wakasimama. Nakiete akafika na jiwe lake, jiwe la watu wawili. Akatua.

Waliozaliwa Kivereni hawakuwahi kusikia jiwe moja likitua peke yake. Mmoja akanong'ona kwamba mji umemharibu, mwingine akauliza kama faini yake bado ni mbuzi au sasa ni ndama. Nakiete akateremka mikono mitupu, akamkuta Bibi Namsifu kwenye kona, akalichukua jiwe lake.

"Umechelewa," akasema Bibi Namsifu. "Miaka thelathini. Lakini shikamoo yako nitaipokea."

Kesho yake walitua watatu. Wiki iliyofuata walitua kumi. Mabega yakapumzika, jiwe la pili likawa kama la kwanza, la tatu likabebwa, na la nne. Kabla ya vuli ukuta ulikwisha kuzibwa kwa mawe na udongo, bila mfuko hata mmoja wa sementi. Na yule mbuzi wa faini akaliwa siku ya kumaliza, kwa kauli moja, ingawa kesi yake haikuwahi kusikilizwa.

Vuli ikapita haraka, kiangazi kikaja, ndiva ikajaa. Hapo ndipo akapanda afisa wa maji kutoka wilayani, na fomu. Ndiva iandikishwe, na iandikishwe kwa jina la mtu. Wazee nao wakakumbusha mila: ambaye ndiva inaitwa kwa jina lake, ndiye wa zamu ya kwanza ya maji kila kiangazi, yeye na uzao wake. Wakati huo maharage ya Nakiete, yaliyokuwa ada ya shule ya mdogo wake, yalikuwa yameanza kunyauka.

Mwalimu Elieza alisimama kwanza. "Ningeusoma ukurasa wa thelathini na moja, Nakiete angeshinda. Angeshinda, sementi ingekuja. Sementi ingekuja, mpaka leo tungekuwa mahakamani tukigombea ghala la kuiweka. Ndiva hii imezaliwa na kosa, na kosa ni langu. Sigawi na mtu."

Akasimama Stumai, ambaye walimwalika, akaja na kilo tano za mchele. "Mimi sitaki kuwadanganya, wazazi wangu. Nilirudi kwa sababu chakula hakikugawiwa mpaka wote wafike, na nilikuwa na njaa. Lakini miguu iliyorudi ni hii. Mngejifunza kwa nani?"

Bibi Namsifu hakusimama, kwa ajili ya goti. "Nilipowaambia mimi mlicheka. Likaonyeshwa kwenye televisheni, mkaamini. Na shamba langu liko mwisho wa mfereji, kama nilivyo mwisho mimi. Maji yakifika kwangu huwa ni habari tu ya maji."

Nakiete alitaka kunyamaza. Akayatazama maharage yake kule chini, akasema: "Bibi alisema, lakini na yeye hakuwahi kulitua jiwe lake mapema. Stumai alitua, lakini kwao kutua si kosa. Mimi nilikwisha kuaibika mbele ya nchi nzima, nikarudi nikatua hapa, mbele yenu, nikijua mtaniitaje. Hilo sikuoneshwa na mtu."

Watu wakaomba yaandikwe majina yote manne. Afisa akasikitika kwa dhati. Fomu ina nafasi moja, akasema, na mfumo haukubali majina mawili. Tena gari la ofisi linatakiwa liwe limerudi saa kumi. Mwenyekiti akaichukua kalamu, akampa Nakiete, kwa kuwa hati yake ndiyo iliyosomeka vizuri pale kijijini.

Nakiete akaiweka kalamu juu ya karatasi. Nyuma yake maji yalikuwa yamefika ukingoni, yanangoja lango lifunguliwe. Mbele yake walisimama Mwalimu na filimbi yake, na Stumai na miguu yake. Bibi Namsifu alikuwa amekaa, analisugua goti.

Saa kumi imekaribia, dereva amekwisha kuwasha gari. Nanyi mnaonisikiliza mmeyasikia yote, hamkuachwa nyuma hata hatua moja. Je, ni nani aliyestahili kuandikwa?