Unyayo wa Fisi Nje ya Boma

Hapo kale sana, wanyama walipokuwa wakilima na kupika kama sisi, palikuwa na kijiji kilichozungushiwa boma la miiba. Tulieni basi, na wewe acha kumchokoza mwenzio, hadithi hii haina mchezo. Mkuu wa kijiji alikuwa Nyati. Mkuu wa askari alikuwa Kifaru, na macho ya Kifaru mnayajua wenyewe, hayaoni mbali.

Kijiji hicho kilikuwa na desturi yake. Kila asubuhi, kabla ya mtu yeyote kwenda shambani, Kifaru alikagua udongo nje ya boma. Akikuta unyayo wa adui, kila nyumba hutoa mtama wa kulisha askari. Hakuna kuuliza.

Mshika ufunguo wa ghala la askari alikuwa Kicheche, kiumbe mdogo, mwepesi, mvivu wa jembe kupita kiasi. Siku moja huko porini akakuta mzoga wa fisi. Akakata mguu mmoja, akaukausha juani, akauficha. Tangu hapo kila alfajiri alipenya chini ya miiba, akaugandamiza udongoni, pu, pu, pu, mpaka mtoni.

"Fisi wamepita," Kifaru akanguruma. Mtama ukatolewa. Kesho yake nyayo tena, mtama tena. Kicheche aliwapimia askari konzi konzi, mwenyewe akajaza magunia.

Mwaka huo mvua ilikuwa haba. Bi Swala, mjane, alibakiwa na kibuyu kimoja tu cha mtama, na mwanawe Siwema alikuwa mgonjwa, hali kitu ila uji. Kicheche akaja na gunia lake.

"Hodi, Bi Swala. Mchango wa ulinzi."

"Baba, huu ndio uji wa mwanangu. Nihurumie, nitatoa tukivuna."

"Fisi wakiingia watamla mwanao pamoja na huo uji. Unataka kijiji kizima kife kwa ajili ya bakuli lako?"

Majirani walikuwa wamesimama wanamtazama. Bi Swala akaona haya, akatoa.

Lakini moyo haukutulia. Akatoka akamtazame mwenyewe huyo adui aliyekula uji wa mwanawe. Akainama, akazifuata nyayo mpaka mtoni, kisha akarudi mbio barazani kwa Nyati.

"Mkuu, nyayo zote ni za mguu mmoja, ule wa mbele, wa kulia. Fisi gani anatembea hivyo? Tunachezewa. Nirudishieni mtama wangu, mtoto anazimia."

Nyati akamtazama Kifaru. Kifaru akatazama chini. Alijua siku zote alikuwa akikagua bila kuona vizuri, na kulisema hilo mbele za watu hakuweza. Kicheche, aliyekuwa pale barazani pia, akadakia upesi.

"Mmesikia wenyewe. Adui ana mguu mmoja, na anaruka mpaka mtoni! Sasa ndugu zake wenye minne watakuwaje? Hii ni hatari ambayo hatujapata kuiona. Kila nyumba itoe maradufu."

"Maradufu," akasema Kifaru kwa sauti kubwa.

"Maradufu," Nyati akakubali.

Siwema alikufa kabla jua halijazama. Bi Swala alimzika peke yake, maana majirani walikuwa wamepanga foleni ghalani. Siwafichi, nikifika hapa hushikwa na hasira.

Kiangazi kikazidi kuwa kikali, na fisi wa kweli wakaja, kundi zima, wamefuata harufu ya makaburi mapya ya waliokufa njaa. Nyati akawaita askari. Wengine walijaribu kusimama, wakaanguka, tumboni hamna kitu.

"Fungueni ghala, wapate kula kwanza," Kifaru akaamuru.

Wakamwita Kicheche, wapi! Wakavunja mlango, paa! Ndani mlikuwa na makapi, na ukuta wa nyuma una tundu la kupitisha gunia. Kicheche alikuwa keshavuka mto na mtama wote wa kijiji.

Nyati akamgeukia Bi Swala. "Mama, tufanye nini sasa?"

"Nilikuja kwako mwanangu akiwa hai," akasema Bi Swala. Fisi walikuwa wameshaingia ndani ya boma.

Basi wanangu, mtu akikutisha kwa adui huku anachukua chakula cha mwanao, mkague yeye kwanza.