Mwalimu Singano na Sauti ya Ng'ambo

Hii imenifikia asubuhi kwenye kundi la ukoo, na aliyenitumia naye alitumiwa. Mwenyewe hasa simjui. Nimeisoma nikacheka, kisha nikaona haya, kwa sababu mimi pia ni hodari wa kuwatumia watu mambo ambayo sijayasikiliza. Basi isome na wewe, halafu umpelekee yule unayemjua.

Katika mji mmoja wa mpakani aliishi mwalimu mstaafu wa somo la uraia, jina lake Singano. Mpaka wa mji ule ni kamba tu iliyofungwa kwenye nguzo mbili. Huku nchi hii, kule nchi ile. Watu wa pande zote mbili wanaoana, wanazikana, na Kiswahili chao ni kimoja. Ukimsikia mtu anabembeleza bei ya vitunguu sokoni, huwezi kujua amelala upande gani.

Mwalimu Singano alikuwa amefiwa na mkewe, Bi Fatna, na watoto wake walikuwa mbali. Kilichombakia mjini ni heshima. Watu walimwita Katiba, kwa utani na kwa mapenzi, na yeye alijifanya hapendi.

Alichokikumbuka kuliko vyote ni Jumapili za zamani. Alasiri kibaraza chake kilikuwa kinajaa watu, redio imewekwa juu ya stuli, waya wa antena umepandishwa mpaka juu ya bati. Betri zikilegea, Bi Fatna alizianika juani pamoja na dagaa, zikapata nguvu za kumalizia kipindi. Kilikuwa kipindi cha siasa na sheria, na mtangazaji wake alikuwa na sauti nzito, ya upole, isiyo na haraka na mtu. Kipindi kikiisha ndipo kazi inaanza. Huyu anauliza habari za mirathi, yule anabisha, mwingine ametishia kuondoka lakini kahawa yake haijamwisha. Watu walitawanyika magharibi wakiwa wamekwisha kugombana na kupatana. 

Kisha binti yake akamletea simu kubwa, akamfundisha kusikiliza podikasti, vile vipindi vya sauti vya kwenye simu.

Alijaribu nyingi za siasa na sheria. Wengine walipiga kelele, wengine walicheka wenyewe kwa wenyewe. Siku moja akaifungua inayoitwa Haki Isemwe, na wakili anayeiendesha akasema, "Karibu, ndugu msikilizaji, vuta kiti." Mwalimu akaduwaa. Ilikuwa sauti ile ile! Siyo mtu yule, maana yule alikwisha kufa zamani, lakini uzito ndio ule, upole ndio ule. Machozi yakamtoka.

"Laiti Fatna angekuwepo," akasema peke yake.

Toka hapo kila alasiri alijinyoosha kwenye kiti chake cha uvivu, akaiweka sauti ile kifuani, na kabla wakili hajafika katikati, mzee alikuwa anakoroma. Akizinduka anakuta kimya, anajipangusa mdomo na kusema, "Leo kipindi kilikuwa kizuri sana."

Akaanza kuipendekeza kwa watu. Alimtumia kinyozi, akamtumia mwenye duka la dawa, akawatumia wanafunzi wake wa zamani waliotapakaa kila mahali. "Mkitaka kujua siasa na sheria, msikilizeni huyu. Wengine hao ni debe tupu." Nao walisikiliza, kwa kuwa aliyesema ni Katiba.

Jirani yake alikuwa Bi Mishi, fundi cherehani, mjane wa marehemu Hamadi. Arobaini ya mumewe ilikuwa haijasahaulika vizuri pale shemeji yake, Masudi, alipodai kwamba nyumba anayoishi ni ya urithi wa baba yao, si ya Hamadi. Baraza la kata likamsikiliza Masudi, likampa nyumba. Siku ile ile Bi Mishi alikwenda kwa Mwalimu, sindano bado imechomekwa kwenye gauni kifuani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Bi Mishi. Mbona hivyo?"

"Wamenipokonya nyumba. Nataka kukata rufaa. Nina muda gani?"

Ofisi ya baraza la wilaya iko nyuma ya soko, na karani anajibu bure. Mwalimu angeweza kumwambia, "Twende tukaulize." Badala yake akachukua simu.

"Nakutumia kipindi cha huyu wakili, kile cha rufaa. Huyu akisema, amesema."

Bi Mishi alikisikiliza akiwa kwenye cherehani. Sauti ikamwambia kwamba mwenye kukata rufaa ana miezi mitatu, asikurupuke, akusanye ushahidi wake kwanza. "Kawia ufike, ndugu msikilizaji." Bi Mishi akatulia. Alipopata alichotaka akaizima, akafunga safari kwenda bara kumtafuta mzee aliyemuuzia Hamadi kile kiwanja. Ilimchukua muda kumpata, maana alikuwa amehama. Akampata, mzee akakubali kuja kutoa ushahidi, na Bi Mishi akarudi akiwa na furaha kwa mara ya kwanza tangu afiwe.

Karani alipokea karatasi zake, akatazama tarehe.

"Mama, umechelewa. Muda ulikwisha mwezi uliopita."

"Si miezi mitatu?"

"Miezi mitatu ni ng'ambo ya kamba, mama. Huku kwetu ni mwezi mmoja na nusu."

Alipofika nyumbani alimkuta Masudi sebuleni na fundi, wanapima mahali pa kugawa chumba. Alipita, akaenda kwa Mwalimu, akamweleza yote bila kulaumu. Na hilo la kutolaumu ndilo lililomchoma Mwalimu.

Bi Mishi alipoondoka, mzee alivuta kigoda, akakaa wima asije akasinzia, akakisikiliza kipindi cha rufaa chote. Muziki wa kufungia kipindi ukapigwa. Angekuwa kwenye kiti cha uvivu angekuwa usingizini zamani. Baada ya muziki, sauti ile ya upole ikasema: "Ndugu zetu mnaotusikiliza kutoka nchi jirani, haya ni ya sheria za kwetu. Waulizeni wanasheria wa kwenu." Ikaaga.

Mwalimu alihisi aibu mpaka masikio yakamwasha. Akavaa viatu, akaenda kwa Bi Mishi.

"Nimesikia mwisho wake," akasema.

"Na mimi nimeusikia leo," Bi Mishi akajibu. "Maji yakimwagika hayazoleki. Karani kaniambia nikaombe kuongezewa muda. Nitasikilizwa Alhamisi, nieleze kwa nini nilichelewa."

"Utaeleza nini?"

"Nitasema nilichelewa tu. Jina lako silitaji, Mwalimu. Mji huu una Katiba moja, siwezi kuichana mimi."

Hapo Mwalimu alipaswa kukataa. Hakukataa. Alishukuru kwa sauti ndogo, akarudi kwake, na nafuu aliyoipata ikamnyima hamu ya kula.

Alhamisi ukumbi ulijaa, maana kwenye mji mdogo kesi ya nyumba ni arusi. Mwalimu alikaa benchi la nyuma. Kinyozi alimpisha, mwenye duka la dawa alimwamkia. Mbele aliketi mwenyekiti wa baraza, mama mmoja mnene mwenye miwani iliyofungwa kamba.

"Bi Mishi, kwa nini ulichelewa?"

"Nilichelewa tu, mheshimiwa."

"Uliugua?"

"Hapana."

"Ulikuwa hujui muda?"

Bi Mishi aliinamisha kichwa. "Nilichelewa tu."

Mwenyekiti alivua miwani. Ilionekana wazi anatafuta mahali pa kumsaidia na hapaoni. "Mama, 'nilichelewa tu' siyo sababu. Kama huna nyingine, mikono yangu imefungwa."

Masudi alimgeukia fundi wake, wakatazamana.

Mwalimu alimwona. Aliona pia mgongo wa Bi Mishi, umenyooka kama wa mtoto aliyeitwa mbele ya darasa kwa kosa la mwenzake. Maishani mwake alikuwa amewaadhibu watoto wengi walionyamaza wakati mwenzao anaadhibiwa kwa kosa lao. Akasimama.

"Mheshimiwa, naomba kusema. Ni mimi niliyempoteza."

Ukumbi mzima ukageuka.

"Jitambulishe mbele ya baraza."

"Singano. Mwalimu mstaafu wa uraia."

"Mwalimu, kaa chini," Bi Mishi akanong'ona. Hakukaa.

"Mama huyu alinijia siku ile ile aliyoshindwa. Aliniuliza ana muda gani. Nikampa podikasti ya wakili wa ng'ambo, na mimi mwenyewe sikuwahi kuisikiliza mpaka mwisho. Huwa nalala."

Kicheko kikapasuka. Mtu mmoja akasema, "Leo mwalimu wa uraia kasahau uraia wake!" Kinyozi aliangalia sakafu. Mwalimu alisubiri kicheko kiishe, jasho linamtiririka shingoni.

"Mzee," mwenyekiti akasema, "unajua hayo yataandikwa kwenye mwenendo wa shauri? Pamoja na jina lako?"

"Yaandikwe, mheshimiwa."

Mwenyekiti akarudisha miwani. "Kutojua sheria si kinga, na ningemwambia hivyo mtu aliyekaa kwake akisubiri. Lakini huyu hakukaa. Alimwendea mtu anayeaminiwa na mji mzima, akafuata alivyoambiwa, akatumia muda wake kutafuta shahidi. Hiyo ndiyo sababu niliyokuwa naitafuta tangu asubuhi." Akamtazama Bi Mishi. "Mama, ulikuwa nayo mdomoni, ukaimeza."

Akamwongezea wiki mbili za kuleta rufaa yake.

Nje, watu walipita wakimnyooshea Mwalimu vidole, wengine wakimwita "Katiba ya ng'ambo". Bi Mishi alikuwa analia.

"Mwalimu, umejivua nguo mbele ya watu kwa ajili yangu."

"Nilikuwa nimekuvisha wewe matambara yangu," Mwalimu akasema. "Niambie kitu kimoja. Wewe una akili. Kwa nini hukwenda kumuuliza karani?"

Bi Mishi alijifuta kwa ncha ya khanga. "Ile sauti, Mwalimu. Nilipoisikia nilimwona Hamadi kibarazani kwako, anabishana na redio kama vile mtangazaji anamsikia. Nilitaka aendelee kukaa pale. Ningewezaje kuitilia shaka na kumwondoa?"

Wakaenda zao nyumbani, kila mmoja na marehemu wake.

Rufaa ilisikilizwa. Mzee wa bara alikuja akamwonyesha mwenyekiti mkataba wa kiwanja, na nyumba ikabaki kwa Bi Mishi. Masudi akaondoka na fundi wake.

Mwalimu Singano bado anawatumia watu podikasti za siasa na sheria, na wanazipokea vizuri kuliko zamani. Ila siku hizi chini ya kila moja anaandika ni ya nchi gani na ameisikiliza mpaka wapi. Juzi alituma moja, akaandika: "Huyu ana sauti tamu mno. Nimelala katikati. Msinitegemee."

Funzo: Sauti inayotukumbusha tuliowapenda haiwi kweli kwa sababu hiyo tu. Kabla hujampa mwenzako ushauri wa kumwongoza, uhakikishe mpaka mwisho, na ukimpoteza, simama useme, maana kimya chako huenda ndicho kinachomfungia mlango.