Jembe la Mlangoni

Fimbo inaweza kuwa ndefu na ya mti mgumu, lakini ikiwa imebaki kwa jirani, nyoka aliye uvunguni mwako haiogopi. Watu wa Hensley Fork, mji mdogo uliobanwa na milima ya Kentucky mashariki, wanalijua hilo vizuri, kwani kila nyumba huko huweka jembe kando ya mlango wa jikoni kwa ajili ya nyoka. Ajabu ni kwamba mwaka ule wa mafuriko walilisahau, na aliyelisahau zaidi alikuwa meya wao, Delphia Hensley.

Mafuriko ya Julai yalibeba nyumba, magari na hata makaburi. Yalipopungua, yaliacha lundo chini ya daraja: magogo, mabati na nusu ya nyumba ya magurudumu, vyote vimeshikamana. Karibu na daraja hilo palikuwa na kibanda cha pampu ya maji ya mji, ambayo wanaume walikuwa wameifufua kwa vipuri vya kuazima. Pampu hiyo ndiyo iliyomnyima Delphia usingizi. Mumewe, Verlin, aliyewahi kuchimba makaa ya mawe, alikuwa mgonjwa wa figo, na mashine ya kumsafisha damu iliyokuwa chumbani mwao ilitegemea maji ya bomba. Bomba likikauka, ilibidi apelekwe hospitali ng'ambo ya mlima, kwa barabara ambayo mafuriko yalikuwa yameitafuna nusu.

Basi ikaja habari kwamba Bunge huko Washington limepitisha bajeti ya nyongeza kwa miji iliyokumbwa na mafuriko, pamoja na mitambo yao ya maji. Delphia alilia kwa furaha. Lakini pale kituo cha mafuta, ambako mambo yote ya mji huamuliwa kabla hayajafika kwa meya, kulikuwa na maneno: eti mji wa Caney Gap ulisafisha uchafu wake upesi, mkaguzi wa serikali akaja asione kitu, wakaambulia patupu. Nani aliyasema, hakuna aliyejua. Delphia aliyashika kama amri ya Mungu. Alifunga utepe wa njano darajani, akakataza mtu kugusa hata kijiti mpaka mkaguzi aje aone.

Miti ikaanza kupukutisha majani, mkaguzi hajaonekana.

"Shemeji," alisema Hobert, mdogo wake Verlin, akijipakulia maharage bila kukaribishwa, "katapila langu linaota kutu uani. Nipe asubuhi moja tu, lile lundo nalitoa lote."

"Halafu mkaguzi aje akague nini? Maji yanayopita?"

"Akague sura yako nzuri."

"Sitaki utani, Hobert. Tukizikosa hela hizi hatupati nyingine. Mji huu hauna hata za kununulia bati."

Hobert alilitazama jembe lililoegemea mlango. "Na hilo mbona umeliweka hapa? Si ungelihifadhi Washington? Nyoka akiingia, unapiga simu wakuletee."

Verlin alicheka chumbani mpaka akakohoa. "Delphia," aliita, "huyo mjinga leo kasema la maana."

"Wewe pumzika," alijibu mkewe. Hakucheka. Wingu jeusi lilikuwa limetua juu ya mlima tangu asubuhi.

Kesho yake mvua ilianza kabla watu hawajala mchana. Delphia alisimama darajani, simu sikioni, akisikiliza muziki wa ofisi ya serikali na sauti iliyomwomba aendelee kusubiri. Chini yake magogo yalikuwa yakisaga meno. Maji yaligonga lundo, yakakosa njia, yakaanza kupanda ukingo kuelekea kwenye kibanda. Hapo aliikata simu, akaung'oa utepe kwa mikono miwili, akampigia Hobert.

"Njoo nalo! Njoo sasa hivi!"

Hobert alikuja mbio, lakini ukingo ulikuwa umeshakuwa uji. Katapila lilizama matope hata kabla ya kufikia gogo la kwanza. Walisimama wote wawili, wamelowa chapachapa, wakatazama ukuta wa kibanda ukiinama, kisha pampu ikaenda na maji. Delphia aliporudi nyumbani, bomba la jikoni lilikohoa, likatema tope, likanyamaza.

Mkaguzi alifika wiki iliyofuata, mwanamke mpole mwenye mabuti yenye matope.

"Mama, lile lundo mbona hamkulitoa mapema?"

"Tulikuwa tunakungoja ulione."

"Picha tu zingetosha. Mngepiga picha, mkaendelea na kazi, na gharama mngerudishiwa."

"Na Caney Gap je? Si walinyimwa?"

"Caney Gap?" Mkaguzi alishangaa. "Hao ndio wa kwanza kupata. Walipiga picha."

Delphia aliketi palepale kwenye ngazi za mlangoni.

Majira ya baridi Verlin alipelekwa ng'ambo ya mlima mara kwa mara, Hobert akiendesha, mpaka theluji ilipoifunga ile nusu ya barabara iliyobaki, naye akakwama nyumbani bila kusafishwa damu. Ilipofunguliwa, ilipitisha jeneza lake.

Serikali haikusema uongo. Majira ya kuchipua fedha zilifika zote, ikajengwa pampu mpya yenye ukuta wa zege. Watu walipiga makofi. Hobert hakufanya utani wowote siku hiyo. Delphia alirudi nyumbani peke yake, akafungua bomba, maji yakabubujika safi kabisa, kwa nguvu. Chumbani mashine ilikuwa imefunikwa shuka. Aliyaacha maji yatiririke, akaliangalia jembe pale kando ya mlango, akalia kwa uchungu. Kweli, fimbo ya mbali haiui nyoka.