Hasi Moja ya Mto Luhembe

Taarifa ya Awali Kuhusu Hitilafu Ndogo ya Uonyeshaji wa Namba Zisizo Chanya. Ndivyo kamati ilivyoliita jambo lenyewe, na muhuri ukagongwa. Mke wa marehemu hakuulizwa yeye angeliitaje.

Hapo zamani, zamani ya juzi tu, palikuwa na mto Luhembe, ambao hufurika kwa mvua za milimani huku bondeni jua linawaka. Kando yake palikuwa na mashine ya kuvutia maji ya mpunga, na mlinzi wake Hoza. Mkewe aliitwa Sikudhani.

Ofisi ya bonde ikaamua kufunga king'ora cha mafuriko. Kazi ikagawiwa watu watatu, maana kazi ya mtu mmoja haina vikao.

Wa kwanza alikuwa Kibwana, fundi wa kompyuta, wa lugha iitwayo C. Alifunga kihisi cha kupima maji chini ya daraja, akaandika funksheni, yaani kipande cha programu, ya kukiuliza kina cha maji. Kihisi kikijibu, funksheni hurudisha sentimita. Kisipojibu, hurudisha hasi moja. Ndiyo desturi ya watu wa C: kosa hurudi likiwa namba, kimyakimya, kama mtu aliyepitia mlango wa uani.

Wa pili alikuwa Nuru, mwandishi wa programu kwa lugha nyingine, Python. Programu yake iliita funksheni ya Kibwana: kina kikizidi mia tatu, king'ora kilie. Kwao Python kosa hupiga ukelele na programu husimama. Nuru hakusikia ukelele, akajua mambo ni salama.

Wa tatu alikuwa Bwana Lugendo, mkuu wa ofisi, ambaye hakuandika ila sahihi yake. Siku ya majaribio aliona hasi moja kwenye skrini, akauliza ni nini. Nuru akasema labda kihisi hakijatulia. Bwana Lugendo akasema mgeni rasmi wa uzinduzi hapendezwi na namba hasi, skrini ioneshe sifuri. Nuru akaiweka.

Masika yakaja. Maji yakang'oa waya wa kihisi. Funksheni ikarudisha hasi moja, hasi moja haizidi mia tatu, king'ora kikanyamaza. Skrini ofisini ikaandika: kina sifuri, hali shwari. Majirani walimwita Hoza apande juu. Akawajibu, "Jamani, nimewekewa king'ora. Nikikimbia hakijalia, nitaitwa mtoro wa kazi." Mto ukamchukua.

Sikudhani hakudai fidia. Alikwenda ofisini na neno moja: "Mmoja wenu aje kwangu, akae mkekani, aniambie, ‘Ni mimi.’ Nitamsamehe au nitamlaani, lakini nimjue."

Kamati ikaketi, chai ikaletwa.

Kibwana akasema, "Mimi nililia, kwa kilio cha kwetu. Hasi moja ni kilio. Aliyekisoma kama kipimo cha maji si mimi." Akaulizwa kama alimweleza Nuru. Akasema jambo hilo kila mtu analijua.

"Kila mtu wa kwenu, kaka Kibwana," Nuru akasema. "Ulinipa kitu kilichofungwa, ndani sioni. Ungeiacha programu ife, tungeshtuka, na Hoza angekuwa hai."

"Na ile hasi uliiona kwa macho yako, dada. Mto gani una kina cha hasi? Ukaipaka rangi."

Nuru akasema aliagizwa aipake.

Bwana Lugendo akakohoa. "Mimi si mtu wa kompyuta. Nilitoa agizo la mapambo, wataalamu wawili wakalipokea. Kama lilikuwa la kuua, kwa nini hamkuniambia?" Akaulizwa kama hakushtuka kuona sifuri katikati ya masika. Akajibu kwamba aliiona, na alifurahi.

Haya, wenzangu. Kibwana angelieleza, Nuru angelijua. Nuru angeliuliza, Lugendo angelikatazwa. Lugendo angeliiacha hasi mahali pake, hata mfagizi wa ofisi angelishangaa. Wala msinijibu kwamba ni wote watatu: hilo kamati imekwisha kulisema. Iliandika kwamba wajibu ni wa pamoja, ikafunga kikao, na hakuna aliyekwenda kukaa mkekani.

Je, nani alistahili kuvua viatu mlangoni pa Sikudhani?